Krotoni inayofifia rangi Tabora na Kigoma: tujadili jua, upande wa nyumba na kiangazi

#1 Mtunza Kitalu (Tabora)

Ndugu wadau wa bustani, salaam.

Kila mwaka mvua zinapokaribia, wateja wanaofika kitaluni kwetu huuliza maswali yanayofanana kuhusu krotoni, na mengi huishia kwenye lawama moja: mche ulionunuliwa ukiwa na majani mekundu, ya njano na ya rangi ya chungwa umegeuka kijani kitupu baada ya kukaa nyumbani, au umebaki fito zenye majani machache kileleni. Nimeona ni vyema tulijadili jambo hili kwa kirefu mahali pamoja, kwa sababu ushauri unaozunguka mitaani kwamba krotoni haitaki jua ndio unaozifubaza nyingi, na ule wa kinyume chake, kwamba iachwe juani itazoea yenyewe, huziua nyingine ifikapo Septemba na Oktoba.

Krotoni ninayoizungumzia ni Codiaeum variegatum, kichaka cha jamii moja na muhogo, mnyonyo na mbono kaburi. Asili yake ni Malaysia, Indonesia, kaskazini mwa Australia na visiwa vya magharibi mwa Pasifiki, yaani nchi zenye joto ambako hewa huwa na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina msimu mmoja wa mvua unaoanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na baada ya hapo tunakaa miezi mingi bila mvua ya maana. Joto letu linaitosha kabisa. Hata usiku wa Juni na Julai, ambao sisi wenyeji tunaulalamikia, huteremka hadi nyuzi 15 hivi, ilhali mmea huu huanza kuumia kweli joto likikaribia nyuzi 10. Kinachoitesa hapa ni ukavu wa hewa, upepo wa kiangazi unaovuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na joto linalorudishwa na kuta za saruji.

Kuhusu rangi, maelezo yake ni mafupi. Jani lililo gizani linahitaji kunasa kila mwanga linaoupata, hivyo hujaza kijani, na nyekundu na njano hufunikwa. Likipata mwanga mwingi, rangi nyingine hujitokeza. Zipo aina nyingi ambazo jani changa hutoka likiwa kijani au njano na kuiva kuelekea nyekundu kadiri linavyozeeka, kwa hiyo mtu asihukumu mmea kwa majani ya kileleni peke yake. Vilevile, ukiihamishia krotoni iliyofifia mahali penye mwanga, rangi hurudi hasa kupitia majani mapya. Yale ya zamani usiyategemee sana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni wachache wanaolizingatia, nalo ni upande wa nyumba. Tabora na Kigoma zote zipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi siku za mwanzo za Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi inayobaki. Lilinganisheni hilo na mvua zetu. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua kiangazi chote, wakati ardhi imekauka na ukuta wenyewe unatema joto. Ukuta unaotazama kusini hupata kivuli chepesi katika kipindi hichohicho, huku ukiwa umefunguka kwenye anga nyeupe yenye mwanga wa kutosha, kisha hupokea jua la moja kwa moja kuanzia Oktoba hadi Machi, miezi ambayo sehemu kubwa yake mvua inanyesha. Kwa mmea unaodai mwanga lakini hauvumilii ukavu, ni vigumu kubuni mpango ulio bora kuliko huo. Baada ya upande wa kusini napendelea mashariki, ambako jua la asubuhi huingia na la alasiri hukingwa. Magharibi kwa hapa Tabora simshauri mtu apande krotoni changa, na ukuta wa kaskazini naufikiria tu pale mwenye nyumba anapoweza kumwagilia bila kukosa.

Mwezi mgumu kupita yote ni Oktoba, kwa kuwa jua hupita utosini siku za mwanzo za mwezi huo na mvua bado hazijashuka. Hata krotoni iliyopo upande wa kusini, ikiwa ni ya mwaka wa kwanza, iwekewe kichanja chepesi cha nyasi au neti ya kivuli kwa wiki hizo.

Upandaji ufanyike mvua zikiwa zimeloanisha ardhi hadi chini, si siku ya manyunyu ya kwanza, ili mizizi ipate miezi minne au mitano ya kusambaa kabla ya kiangazi. Shimo la sentimita 50 hadi 60 kwa upana na kina linatosha. Mche uliokulia chini ya neti kitaluni usipelekwe juani siku hiyohiyo; uanze kupewa jua la asubuhi, kisha uongezewe taratibu kwa wiki mbili hivi, kwa maana jani lililozoea kivuli huungua mabaka ya kahawia na halitengenezeki tena.

Karibuni tujadili. Walio Kigoma nawaomba waseme ya kwao, kwa sababu hali ya ziwani si sawa na ya kwetu.

#2 Bibi wa Ng'ambo (Tabora)

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na mengi nakubaliana nawe, lakini hapo pa kivuli naomba nikupinge kidogo. Krotoni zangu zipo chini ya mwembe mkubwa tangu zamani na hazijawahi kufa, wakati jirani yangu aliyepanda zake kando ya ukuta, juani, alizipoteza karibu zote kabla ya mvua. Ni kweli zangu zimekuwa za kijani, nyingine zina mstari mmoja tu wa njano katikati ya jani, ila ziko hai. Kati ya kijani kilicho hai na nyekundu iliyokufa, mimi nimechagua kijani. Au unaniambia nizing'oe?

#3 Mtunza Kitalu (Tabora)

Shikamoo mama. Usizing'oe hata kidogo. Hoja yako ina uzito, na maelezo yako yanaonyesha jinsi miembe yetu ya Tabora inavyookoa na kunyima kwa wakati mmoja. Mwembe hauangushi majani yote kama miti mingi ya miombo, hivyo kivuli chake ni kizito mwaka mzima, na mizizi yake iliyo karibu na uso wa ardhi hunywa maji uliyoyakusudia kwa krotoni. Mmea unaishi kwa sababu hewa ya chini ya mwembe ni tulivu na yenye ubaridi, lakini unaishi kwa kubana matumizi.

Ningekushauri mambo mawili. Kwanza, mwombe kijana akupunguzie matawi ya chini ya mwembe upande wa mashariki, ili jua la asubuhi lipenye kwa saa tatu au nne. Pili, kwa sehemu zilizo ndani kabisa karibu na shina, tumia ile krotoni ya majani madogo yenye madoadoa ya njano, ambayo wenye vitalu vya nje huiita 'Gold Dust'. Hiyo huhifadhi madoa yake kivulini kuliko zile za majani mapana mekundu, kama 'Petra', ambazo bila mwanga hazionyeshi kitu. Za majani membamba marefu, ikiwamo inayoitwa 'Zanzibar', ziweke ukingoni ambako jua linafika.

Na za jirani yako, nikikisia kwa maelezo yako, zilikutwa na ukuta wa kaskazini au magharibi zikiwa bado hazijashusha mizizi.

#4 Bibi wa Ng'ambo (Tabora)

Marahaba. Ukuta wake unatazama magharibi, umebahatisha vizuri. Habari ya kukata mwembe nitaifikiria baada ya maembe kuisha.

#5 Mteremko wa Ujiji (Kigoma)

Mwakeye wadau. Nashukuru kwa mwaliko, maana maelezo ya Tabora yakitumiwa huku kama yalivyo yatawapotosha watu wa Kigoma.

Ziwa Tanganyika lipo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mji wetu uko chini sana ukilinganisha na Tabora, usiku wetu ni wa joto zaidi, na mchana upepo wa kutoka ziwani huleta hewa yenye unyevu. Mvua pia hutuanzia mapema kidogo, Oktoba nyingi huwa tumeshaonja. Kwa hali hiyo krotoni huku inastahimili jua la kutwa nzima, pamoja na hilo la magharibi ambalo mwenzetu amelikataza. Nyumba nyingi za mteremkoni zinatazama ziwani, yaani magharibi, na krotoni zilizo barazani mwa nyumba hizo ndizo zenye rangi kali kuliko zote mjini. Nasema haya nikiwa na sharti moja: mmea uwe mkubwa na uwe umeshika ardhi. Mche mchanga unahitaji hifadhi huku pia.

Tatizo letu ni udongo na mteremko. Tuna udongo mwekundu wenye mfinyanzi, na mvua kubwa ikishuka, maji hukimbia juu ya ardhi yakibeba tabaka la juu, kisha hutuama pale yanapokuta shimo. Mtu akichimba shimo zuri la sentimita 60 kwenye mfinyanzi mgumu na kulijaza mboji laini, ametengeneza bwawa. Krotoni inapenda unyevu, haipendi mizizi iliyozama. Majani huanza kulegea na kuanguka yakiwa bado yana rangi, mwenye nyumba anadhani ni kiu, anaongeza maji, na mmea unamalizika. Njia ninayoiona inafaa ni kupanda juu ya tuta la sentimita 20 hivi, kuchanganya mboji na udongo uleule wa pale badala ya kuuondoa wote, na kujenga kingo ya mawe yenye umbo la mwezi mchanga upande wa chini wa mmea ili udongo usihame. Upande wa juu chimba mfereji mdogo unaopitisha maji kando.

Wenzetu wenye mashine za kukamua mawese wana makapi mengi ya chikichi. Yakiachwa yaoze vizuri kwa miezi kadhaa ni mboji nzuri sana. Yakiwekwa mabichi yanapata moto wakati wa kuoza na yanakaribisha wadudu.

#6 Mtunza Kitalu (Tabora)

Nashukuru sana ndugu yangu wa Ujiji. Nakubali kwamba kanuni ya upande wa kusini ni ya bara kavu zaidi kuliko ya ziwani. Jua ni lilelile, kwa kuwa tupo karibu kwenye mstari mmoja, lakini hewa inayoligusa jani ni tofauti.

Hapa Tabora udongo ni kinyume cha wenu, ni kichanga kinachopitisha maji haraka na chenye mboji kidogo. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi una asidi kiasi, na krotoni inapenda hivyo, kipimo cha pH kati ya 5 na 6.5. Ndiyo maana nawasihi watu wasimwage majivu ya jikoni kwenye shina la krotoni kila siku kama wanavyofanya kwa migomba, kwani majivu hupunguza asidi, na matokeo yake majani mapya huweza kutoka yamepauka huku mishipa ikibaki kijani. Anayetaka kuupa udongo wa kichanga uwezo wa kushika maji achanganye samadi iliyooza na kiasi kidogo cha udongo wa kichuguu, ambao una mfinyanzi mwingi zaidi. Nasisitiza kidogo, kwa sababu udongo wa kichuguu nao huwa na asidi ndogo kuliko ardhi inayouzunguka.

#7 Fundi wa Sikonge

Umetaja kichuguu, nami nauliza juu ya wenyewe wenye kichuguu. Nikiweka matandazo ya nyasi kavu kuzunguka krotoni ili kuhifadhi unyevu, mchwa wanakuja ndani ya siku chache. Wakimaliza nyasi wanapanda kwenye shina. Nikiyaondoa matandazo, ardhi inapasuka kwa ukavu. Huku kwetu porini mtu afanye nini?

#8 Mtunza Kitalu (Tabora)

Swali lako ndugu linagusa shida ya mkoa mzima. Mchwa wanapenda zaidi vitu vikavu vilivyokufa, ila mmea ulioishiwa maji kwao unakaribia kuwa kitu kilichokufa, na ndiyo sababu krotoni iliyomwagiliwa vizuri hushambuliwa kwa nadra ilhali ya jirani yake iliyonyauka huvishwa udongo hadi matawini.

Gawa matandazo kwa majira. Wakati wa mvua weka maganda ya karanga au pumba za mpunga zilizokwisha kuoza nusu, unene wa sentimita tano hadi nane, na uache nafasi ya kiganja kimoja bila chochote kuzunguka shina. Mvua zikikatika, usiongeze nyasi kavu. Tandaza mboji iliyoiva, ambayo haiwavutii mchwa kama nyasi, na juu yake panga kokoto au mawe bapa. Mawe hupunguza uvukizaji na hayaliki. Kila unapomwagilia, angalia shina, na ukiona njia zao za udongo zibomoe mara moja. Kuhusu viuatilifu vya mchwa, nenda kwa ofisa ugani akuelekeze kinachoruhusiwa kwa wakati huo na namna ya kukitumia karibu na nyumba. Sipendi kutaja majina ya dawa mahali ambapo mtu anaweza kusoma nusu na kwenda dukani.

#9 Mdau wa Kaliua

Kwa uzoefu wetu wa huku, dawa ipo mlangoni. Tunaloweka mabaki ya tumbaku kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tunachuja na kunyunyiza. Krotoni zangu kiangazi hupatwa na vijidudu vidogo mno chini ya jani, vinaacha utando mwembamba na jani linakuwa na vumbi la kijivu lisilofutika. Nataka kujua kipimo sahihi cha tumbaku kwa ndoo ya lita 20.

#10 Mtunza Kitalu (Tabora)

Ndugu wa Kaliua, kipimo sitakupa, na naomba uniwie radhi kwa hilo. Nikotini ni sumu kali inayopenya kwenye ngozi. Wanaovuna tumbaku ikiwa na umande wanakijua kizunguzungu na kichefuchefu kinachowapata jioni, na hiyo ni kwa kugusa majani tu; maji yaliyolowekwa usiku kucha na kurushwa hewani karibu na watoto na kuku ni hatari ya daraja lingine.

Zaidi ya hayo, unachokieleza ni utitiri, ambao kwa maumbile si wadudu wenye miguu sita bali ni ndugu wa buibui, na nikotini haiufanyii kazi ya kutosha. Utitiri hustawi penye joto, ukavu na vumbi, ndiyo maana unaonekana Agosti na unatoweka mvua zikitulia. Tumia udhaifu wake huo. Mara mbili kwa wiki, mapema asubuhi, rusha maji kwa nguvu chini ya majani, ukianzia matawi ya chini. Ikiwa umezidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye majani machache, na usipoona madhara nyunyiza jioni chini na juu ya jani, kisha suuza kesho yake. Mafuta ya mwarobaini yaliyotayarishwa kwa ajili ya mimea yanafaa pia, lakini kamwe yasipuliziwe jua likiwa limewaka, yataunguza majani.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, na majani yana ukungu mweusi unaonata, hilo ni tatizo jingine. Geuza jani na kagua matawi. Utakuta ama vidugamba vya kahawia vilivyogandamana na tawi, ama wadudu weupe wenye nta ya ungaunga kwenye maungio. Hao hutoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyafuata na ukungu huota juu yake. Wakwangue kwa mswaki laini wenye maji ya sabuni.

#11 Mama wa Isevya (Tabora)

Habari zenu. Mtoto wangu wa miaka miwili ana tabia ya kutafuna kila kitu. Je, mmea huu una sumu? Na mbuzi wakiula?

#12 Mteremko wa Ujiji (Kigoma)

Dada, utomvu wake si salama. Jani, gome au mzizi ukitafunwa huchoma mdomo na kuweza kusababisha kutapika na kuharisha, na mbegu zake zina mafuta yenye sumu. Mfundishe mtoto asiuguse, na mpaka atakapoelewa, krotoni ikae nje ya uzio anaochezea. Akitafuna, suuza mdomo wake na umpeleke kituo cha afya pamoja na kipande cha mmea ili wauone. Kwa mbuzi pia usiache wafike.

Utomvu huo huleta upele kwa baadhi ya watu wanaoushika mara kwa mara, hasa watunza bustani, na doa lake la kahawia kwenye nguo halitoki. Vaa glavu unapokata.

#13 Nyanda za Kasulu

Huku kwetu tuko juu kuliko Kigoma mjini na Juni huwa tunavaa sweta. Krotoni yangu iliyo kwenye chungu barazani huangusha majani ya chini kila baridi inapoingia, kisha huchipua tena Oktoba. Ni ugonjwa?

#14 Mtunza Kitalu (Tabora)

Si ugonjwa. Ni baridi ya usiku, upepo wa barazani, na pengine unaendelea kuimwagilia kwa kiwango kilekile cha miezi ya joto wakati mizizi imepunguza kazi. Isogeze kwenye kona isiyopigwa na upepo lakini yenye mwanga, na umwagilie tu pale udongo wa juu unapokauka kwa kina cha sentimita mbili au tatu.

#15 Mkazi wa Cheyo (Tabora)

Mimi nauliza upande wa gharama, maana maji ya bomba ni fedha. Nina krotoni changa zilizopangwa kando ya njia ya kuingilia. Je, natakiwa kumwagilia kila siku? Maji ya kufulia naweza kuyatumia? Na kwa nini nisipande tu bogenvilia nikapumzika?

#16 Mtunza Kitalu (Tabora)

Nianze na la mwisho, kwa kuwa ni swali la haki. Kama unajua kwamba kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna atakayemwagilia, panda bogenvilia bila kujilaumu. Ikishashika ardhi inastahimili kiu na jua la kaskazini, na ukame kiasi huihimiza kutoa maua. Krotoni ni ya mtu anayetaka rangi ya majani mwaka mzima na yuko tayari kuigharimia maji katika miaka yake miwili ya kwanza. Anayemuuzia mteja krotoni kwa ajili ya uzio wa kiwanja kisicho na mtu anamwibia, ingawa najua nikisema hivi nawaudhi wafanyabiashara wenzangu.

Kumwagilia kila siku kidogo kidogo ni kupoteza maji. Kikombe kimoja cha kila jioni hulowanisha sentimita chache za juu, mizizi nayo hubaki hukohuko juu ikisubiri, na siku ukisafiri inaungua. Kwa mche wa mwaka wa kwanza kwenye kichanga chetu, ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, iliyomiminwa polepole kwenye beseni la udongo lililozunguka shina, ni bora kuliko kikombe cha kila siku. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki mara nyingi inatosha, na Oktoba unaongeza. Wapo wanaotoboa tundu dogo kwenye kizibo cha chupa kubwa ya plastiki na kuifukia kichwa chini kando ya mizizi, iwe inadondosha. Ni mbinu nzuri kwa mimea michache.

Maji ya kusuuzia nguo ya mwisho, yasiyo na povu jingi, unaweza kuyatumia kwa zamu na maji safi. Ya kwanza yenye sabuni ya unga, na yoyote yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo, yamwage pengine.

#17 Kijana wa Gungu (Kigoma)

Shikamooni wakubwa. Nimeweka jani la krotoni kwenye chupa ya maji na limetoa mizizi mizuri sana, ila tangu hapo halitoi chipukizi. Niendelee kusubiri? Na mbegu je, zinafaa?

#18 Mteremko wa Ujiji (Kigoma)

Marahaba kijana. Jani peke yake linaweza kuota mizizi na kukaa hivyo kwa muda mrefu, lakini halina jicho la kutoa shina, kwa hiyo usisubiri. Mbegu huota, ila mche utakaotoka haufanani na mama yake, na mingi hutoka na rangi hafifu. Aina unayoipenda hupatikana kwa kipandikizi cha tawi.

Kata ncha ya tawi lenye afya, urefu wa sentimita 10 hadi 15, Septemba au Oktoba joto linapopanda. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili au matatu ya juu, na yakiwa mapana yakate nusu ili yasipoteze maji. Suuza utomvu hadi ukome. Chomeka kwenye kiriba chenye mchanga mwingi na mboji kidogo, funika kwa nailoni angavu iliyoinuliwa kwa vijiti, weka kivulini penye mwanga, na usiache mchanga ukauke. Wiki nne hadi sita za joto huwa zinatosha kuota mizizi.

Ukitaka mmea mkubwa kwa haraka, otesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mama yake. Chagua tawi lenye unene wa kalamu au zaidi, menya gome kwa kuzunguka, upana wa sentimita mbili au tatu, kwangua ute wote uliobaki kwenye mti, zungushia mboji yenye unyevu iliyochanganywa na nyuzi laini, kisha funga kwa nailoni juu na chini. Anza mwanzoni mwa mvua. Baada ya miezi miwili hivi utaiona mizizi kupitia nailoni. Kata chini yake na upande kwenye chungu kivulini kwanza, kamwe usiipeleke moja kwa moja juani.

#19 Mkazi wa Cheyo (Tabora)

Nashukuru kwa jibu la maji. Nimezungukia krotoni zangu kwa jicho la uzi huu nikaona mambo mawili. Zile za zamani zimekuwa ndefu, chini hazina jani hata moja. Na moja kati yake, ya majani mekundu, imetoa tawi la kijani kitupu lenye nguvu kuliko matawi mengine, ingawa lipo juani sawa na wenzake. Nizikate? Na lini?

#20 Mtunza Kitalu (Tabora)

Hilo tawi la kijani lishughulikie leo, usisubiri msimu. Krotoni zina kawaida ya kubadilika tawi moja likatoka tofauti na mmea mzima, na aina kadhaa mpya zilipatikana kwa njia hiyohiyo, lakini linapogeuka kijani lina uwezo mkubwa wa kujitengenezea chakula kuliko matawi yenye rangi, na likiachwa litayazidi. Fuata tawi hadi linapoungana na shina, likate hapohapo bila kuacha kisiki.

Za zamani zilizorefuka subiri mpaka mvua zitulie, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ukizikata Julai, chipukizi litachelewa na litakutana na upepo mkavu likiwa bichi. Usikate zote kwa kimo kimoja siku moja: mwaka huu shusha theluthi ya matawi, yaliyo marefu zaidi, hadi sentimita 30 au 40 kutoka ardhini, ukikata juu kidogo ya kovu la jani, kwa maana macho mapya hutokea hapo. Mwakani shusha theluthi nyingine. Kichaka kitajaza chini huku juu kikiendelea kuonekana, na ncha utakazozikata zifuatilize maelezo ya ndugu yetu wa Ujiji, maana kwenye viriba zitakupatia miche ya kuziba mapengo ya njiani kwako. Baada ya kukata, tandaza samadi iliyooza kuzunguka kila shina, ukiacha ile nafasi ya kiganja, na kama mstari wenyewe upo upande wa magharibi wa nyumba, machipukizi yawekee neti hadi yatakapokomaa.